Kusema kwamba Hoja Ina Mantiki

Mwalimu mwanafunzi wa Kator anapotaka kueleza kwa Kiswahili kile ambacho Kiingereza hukiita "logical", mara nyingi huandika *jibu mantiki. (Nyota huonyesha tungo isiyokubalika.) Kosa hilo lina chanzo kinachoeleweka. Kiswahili hakina kivumishi asilia chenye maana hiyo; kina nomino, mantiki, ambayo sharti iunganishwe na nomino nyingine. Aidha, wengi wa wanafunzi wetu wamekulia katika Kiarabu cha Juba, ambamo kiunganishi ta hakibadiliki kamwe: bet ta Lado, yaani nyumba ya Lado. Kiswahili hudai upatanisho: jibu la, hoja ya, kisa cha, ushahidi wa.

Nomino yenyewe si ngeni Juba. Ni ya asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutamka. Wanazuoni wa Kiarabu waliitumia kuitaja elimu waliyoipokea kutoka kwa Wagiriki, ambao neno lao logos nalo lilibeba usemi na fikra kwa pamoja. Hoja, dalili, sababu na akili zimepita njia hiyohiyo. Tahadhari moja tu: neno la Kiarabu lililotupa hoja huweza pia kumaanisha kisingizio, hoja ya Kiswahili haina maana hiyo.

Kiingereza hutumia kivumishi kimoja kwa maana mbili ambazo Kiswahili kinaweza kuzitenga. Swali la kimantiki ni swali linalohusu taaluma ya mantiki, hata kama limetungwa vibaya. Jibu lenye mantiki ni jibu ambalo sehemu zake zinafuatana. Kinyume chake huundwa kwa kirejeshi: jibu lisilo na mantiki, hoja isiyo na mantiki, maelezo yasiyo na mantiki. Katika mazungumzo watu huzichanganya -a kimantiki na -enye mantiki, wala hatuwalaumu. Katika maandishi ya kitaaluma tunashauri zitengwe. Kwa mtu, twasema anafikiri kimantiki, ambapo kimantiki ni kielezi na hakipatani na ngeli yoyote, au twamwita mtu razini.

Ugumu halisi hujitokeza wakati wa kusahihisha. Tuchukue insha yenye maneno haya: "Kila akaaye Kator huvuka Nile kila siku. Lado anakaa Kator. Kwa hiyo Lado huvuka Nile kila siku." Kator iko ukingo wa magharibi, na soko la Konyo Konyo liko upande huohuo, mtu aweza kumaliza wiki nzima bila kuliona daraja. Kauli ya kwanza, basi, si kweli. Je, mwalimu aandike pembeni "haina mantiki"? Tunasema hapana, ingawa tumeona kalamu nyekundu zikifanya hivyo mara nyingi. Hitimisho limefuata barabara kauli zilizolitangulia. Aliyeambiwa kwamba hoja yake haina mantiki atakwenda kuvunja kile alichokijenga vizuri, na kuacha uongo mahali pake.

Linganisha na hii: "Lado anakaa Kator. Mama yake anauza samaki. Kwa hiyo Lado anapenda samaki." Hapa kila kauli yaweza kuwa kweli, hata ya mwisho, lakini ya mwisho haikutokana na zile mbili. Hii ndiyo hoja isiyo na mantiki.

Kwa insha ya kwanza, maneno yanayofaa pembeni ni: "Hoja ina mantiki, lakini kauli ya kwanza si kweli, uliza wakazi." Hoja inayotimiza masharti yote mawili, kauli za kweli na mfuatano thabiti, tunaiita hoja yenye mashiko. Neno hili linatokana na kitenzi shika: hoja kama hiyo ina mahali pa kuishikia.