Kinga ya Mwili Inapoigeukia Tezi ya Shingo

Chukua mfano wa mama wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Kibosho. Kila akishuka sokoni Moshi mjini, miguu ni mizito kana kwamba amebeba mkungu wa ndizi. Jua la Februari linawaka, yeye kajifunika sweta. Nywele zinakatika, choo kinakuwa kigumu, uzito unapanda ingawa chakula anakila kidogo. Nyumbani wanasema ni uchovu wa shamba. Siku shingo inapoanza kujaa, jirani anamwambia: "Dada, hilo ni rovu. Ongeza chumvi yenye madini joto." Jirani amesema kwa upendo, lakini huenda anatibu ugonjwa wa bibi yake mama huyu, na ugonjwa wake mwenyewe ni mwingine.

Tuanze na ugonjwa wa bibi. Tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo, imelala mbele ya shingo chini ya kikoromeo. Hutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, utumbo, hedhi, hata fikra. Malighafi ya homoni hizo ni madini joto. Bahari inayo kwa wingi, ila milimani mvua huyaosha udongoni na kuyateremsha mtoni, kwa hiyo mazao ya huko huwa nayo machache. Hata perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa kuwa ni samaki wa maji baridi, hafikii kiasi alicho nacho samaki wa bahari. Tezi ikikosa malighafi hujitanua ili inase kile kidogo kilichopo. Hilo ndilo rovu la zamani.

Katika miaka ya 1980, kiwango cha rovu nchini Tanzania kilikadiriwa kuwa karibu asilimia 25. Vidonge vya mafuta yenye madini joto vikagawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi mwaka 2004 ulikuta rovu kwa takriban asilimia 7. Huu ni ushindi ambao hatupaswi kuupoteza.

Ugonjwa wa mjukuu una asili nyingine. Mwaka 1912 daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, alieleza tezi za wanawake wanne zilizojaa chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili dhidi ya vijidudu. Mwaka 1956 watafiti Deborah Doniach, Ivan Roitt na Peter Campbell wa London walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa aina hii ina kingamwili zinazoilenga tezi yao wenyewe. Mlinzi ameigeukia nyumba aliyopewa ailinde. Katika ugonjwa wa Hashimoto tezi huharibiwa polepole hadi ishindwe kazi. Katika ugonjwa wa Graves kingamwili huichochea ifanye kazi kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mwili unakonda, na kwa baadhi macho hutokeza nje.

Kwa nini kinga hugeuka? Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Ndivyo ilivyo hapa.

Figa la kwanza ni ukoo. Uchunguzi wa mapacha nchini Denmark ulionyesha kuwa pacha wa kufanana akiugua Graves, mwenzake huugua katika takriban theluthi moja ya jozi. Urithi basi una nguvu, lakini peke yake hautoshi.

Figa la pili ni mwili wa mwanamke. Wanawake huugua mara kadhaa zaidi ya wanaume, na miezi inayofuata kujifungua ni ya hatari. Wakati wa ujauzito kinga hulegea ili mtoto asishambuliwe. Baada ya kujifungua hurudi kwa nguvu. Uchagani mzazi hupumzishwa na kupikiwa mtori, desturi njema sana. Lakini mzazi ambaye miezi mitano baadaye bado amechoka na amejaa huzuni asiambiwe tu aongeze bakuli. Apimwe tezi.

Figa la tatu ni mazingira. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya Graves na kuzidisha madhara ya macho. Baadhi ya watu wanaoishi na VVU hupata Graves baada ya kuanza dawa, kinga yao inapojengeka upya. Wasiache dawa, wamweleze daktari. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akifanya kazi Nigeria, alitoa hoja kwamba maambukizi ya vimelea kama malaria huenda yanaizuia kinga isijishambulie. Kwa tezi hoja hiyo haijathibitishwa, na hakuna anayepaswa kuitamani malaria.

Madini joto nayo yana sehemu yake. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta ugonjwa wa kinga kushambulia tezi ni mwingi zaidi pale watu wanapokula madini hayo kwa wingi. Katikati ya miaka ya 1990, huko Kivu na Zimbabwe, watu waliokuwa na rovu la siku nyingi walipatwa na tezi inayokimbia mno baada ya chumvi yenye madini joto kuenea. Wengi wao hawakuwa na tatizo la kinga, lakini fundisho ni lile lile: kukosa kunadhuru, kuzidisha kunadhuru. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, endelea na chumvi yenye madini joto kwa kiasi cha kawaida cha mboga. Usinywe matone ya madini joto wala unga wa mwani kwa kujitibu. Ukiona dalili nilizotaja, au kama mama, dada au shangazi yako ana ugonjwa wa tezi, omba kipimo cha damu kiitwacho TSH. Tezi iliyochoka hutibiwa kwa kidonge cha homoni kila siku. Iliyozidi ina dawa zake za kuituliza. Shingo iliyovimba haijisemei yenyewe ni ugonjwa upi. Kaipime kabla hujaitibu.