Bundi Hana Habari ya Mauti

Mama mmoja wa asili ya Lamu, anayeishi na familia yake Kitisuru, jijini Nairobi, ametuuliza swali ambalo tumeona tulijibu mbele ya wasomaji wote. Mkwewe ni mgonjwa, na katika mti ulio karibu na dirisha lake bundi hulia usiku. Mwanawe wa miaka minane ameambiwa na wakubwa kwamba bundi akilia, nyumba hiyo haikosi maiti. Tangu siku hiyo mtoto hulala na manati chini ya mto. Anaamini kwamba akimpiga ndege yule, nyanya yake atapona.

Tazameni uzito wa jambo hili. Uhai wa nyanya umekuwa mikononi mwa mtoto, na siku Mwenyezi Mungu akipitisha amri yake, atajiona yeye ndiye aliyekosa shabaha.

Waarabu wa zama za ujahili nao walikuwa na bundi wao, wakimwita hama. Walidai kuwa ni roho ya aliyeuawa, inayolia mpaka ilipiziwe kisasi. Mtume (s.a.w.) aliikanusha itikadi hiyo kwa jina lake, pamoja na kuagua mikosi kwa ndege, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Na alipofariki mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Akawakatalia, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Uzushi ule ulikuwa wa kumtukuza yeye, na bado hakuuachia!

Basi bundi afuata nini Kitisuru? Mtaa una miti mikubwa na bustani pana, na msitu wa Karura hauko mbali. Penye miti na panya, bundi hakosi. Hulia kumwita mwenzake, au kuwaonya bundi wengine kuwa hapo pana mwenyewe. Katika nyumba ya mgonjwa watu hukesha, kwa hiyo humsikia; jirani aliyelala hasikii kitu. Mgonjwa akifa, mlio wa usiku ule hukumbukwa. Zile siku bundi alizolia asife mtu, nani amezihesabu?

Na azihesabu mtoto. Apewe daftari, aandike kila usiku bundi alipolia na lililotokea asubuhi yake. Kisha atafute chini ya mti: bundi humeza panya mzima, halafu hutapika donge la manyoya na mifupa. Alichambue kwa kijiti, huenda akakuta fuvu la panya. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Aelezwe pia kwamba macho ya bundi hayazunguki, ndiyo maana huigeuza shingo hadi nyuzi 270, jambo ambalo wengi wetu tuliogopeshwa nalo tulipokuwa wadogo. Na sumu ya panya isitiwe bustanini, kwani panya aliyeila humuua na bundi.

Kuhusu nyanya, mtoto aambiwe kweli: anaumwa, anatibiwa, tunamwombea, na siku yake aijua Mola peke yake. Manati yawekwe mbali. Jioni apewe kazi anayoiweza, ya kumpelekea nyanya maji na kumsomea sura aliyoihifadhi madrasa wiki hii.