Mwache mwanao aanguke, tena mbele yako!

Ukitaka kujua watu wa Tanga tunavyojifunza maisha, mtazame mtoto na baiskeli. Mji ni tambarare na baiskeli ni kama ndugu wa nyumba. Mwenyewe hafikii kiti, basi anapitisha mguu chini ya bomba, ananyonga kiupande-upande kwenye zile barabara za namba za Ngamiani. Anaanguka, anajipangusa vumbi, anapanda tena. Hakuna aliyejua baiskeli kwa kuhadithiwa!

Sasa vijana wenzangu mliojaliwa mtoto wa kwanza, mbona tunawalea kama mayai? Akikimbia, "Utaanguka!" Akishika mchanga, "Utachafuka!" Akilia, anapewa simu aangalie katuni ili nyumba itulie. Malezi haya ya geti kali yana gharama yake. Mtoto asiyewahi kushindwa nyumbani, siku akikutana na kosa la kwanza kwenye daftari la chekechea, anaona dunia imekwisha.

Tusidanganyane, mchezo ndio kazi ya mtoto. Watazame wanaopika wali wa mchanga kwenye vifuu vya nazi. Mmoja anapima maji, mwingine anagawa sahani za majani, wa tatu kanuna kwa sababu kanyimwa kuwa mama. Hapo pana hesabu, pana lugha, pana kugombana na kupatana.

Wataalamu nao wanakubali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji walau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Televisheni na simu, wa mwaka 1 asipewe kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1, na ikipungua ni bora zaidi. Tena kucheza ni haki yake: imo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Sasa ufanyeje? Chukua gari la boksi, lile la magurudumu ya ndala kuukuu. Gurudumu limechomoka. Baba mwenye haraka anampokonya: "Lete hapa, hujui!" Gari linapona, lakini mtoto anaondoka na somo moja tu, kwamba mjuzi ni baba. Wewe kaa naye chini, muulize, "Unadhani kwa nini limechomoka?" Kisha nyamaza. Mwache ajaribu mara tatu, nne. Akikwama kabisa, msaidie pale pale alipokwama. Akifaulu, sifia alivyohangaika.

Mkicheza gololi, usimwachie ashinde kila siku. Akifungwa akalia, mwache alie kidogo, halafu mwambie, "Haya, turudie." Kumcheka, au kumlinganisha na mtoto wa jirani, ni sumu.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Lakini jamani, kuna kuanguka kunakofundisha na kuna kuanguka kunakoua. Goti kuchubuka mchangani, poa. Maji ya Raskazone, kisima kisicho na mfuniko, jiko la mkaa na barabara ya bodaboda, hapo hakuna cha kujaribu. Mkono wako uwe karibu.

Na mzazi naye huanguka. Umetoka kibaruani umechoka, mtoto kamwaga uji, ukamfokea kupita kiasi. Usijifanye mfalme asiyekosea. Mkitulia, mwite: "Mwanangu, nimekosea kukufokea vile. Njoo tufute wote." Hapo amemwona mtu mzima akianguka na kuinuka, somo lisilouzwa dukani.

Basi Jumapili hii mpe vifuu, mchanga na nusu saa yako, simu iwe mbali. Wali wake ukiungua, mwambie apike mwingine.