Mwenye jiko na awe mwenye njia

Jioni moja ya masika, mvua ikiwa imeteremka kwa kishindo kama ilivyo desturi yake hapa Kisumu, nilishikwa na hamu ya ngege wa kukaangwa. Sikuwa na nia ya kutoka nje. Nikaichukua simu, nikaupigia mkahawa mmoja wa katikati ya mji ambao nimekula kwao kwa miaka mingi, nikaagiza samaki mmoja, ugali wa mtama na mboga ya osuga, viletwe nyumbani kwangu Migosi. Baada ya nusu saa nikapiga tena kuuliza samaki wangu yuko wapi. Baada ya dakika nyingine kumi nikapiga mara ya pili, na safari hii sauti yangu ilikuwa na ukali ambao mtu aliye chini ya paa hana haki ya kumwonyesha mtu aliye mvuani.

Samaki alifika hatimaye. Aliyemleta hakuwa kijana niliyemzoea bali mwenzake wa kituo kimoja.

"Mzee, samahani kwa kukawia," akaniambia huku maji yakimchuruzika usoni. "Yule aliyekuwa akikuletea ameteleza pale Kondele. Wamempeleka hospitali. Lakini chakula hakikumwagika."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Chakula hakikumwagika! Nilimlipa, nikaketi mbele ya sahani, na samaki yule akapoa bila ya kumegwa.

Kesho yake nilikwenda kumjulia hali. Kijana alikuwa amevunjika muundi. Kando ya kitanda chake nilimkuta mama mwenye mkahawa, ameleta uji katika chupa ya chai. Mwenye pikipiki naye alikuwa amekwisha kupita asubuhi, kijana akanieleza, na swali lake la kwanza lilihusu hali ya pikipiki, kwa kuwa ndiyo imleteayo hesabu yake kila jioni. Nilipouliza ni nani atakayelipia matibabu, na ni nani atakayemlisha mke wa kijana huyu na mtoto wake kwa miezi ambayo mguu utakuwa ndani ya plasta, hapana aliyekuwa na jibu. Mkahawa haukuwa umemwajiri. Ulikuwa ukimwita tu kutoka kituoni na kumpa shilingi 100 kwa safari. Mwenye pikipiki hakumtuma kupeleka samaki. Nami, mteja niliyemharakisha, nilikuwa nimekwisha kulipa deni langu lote kwa mujibu wa risiti.

"Mwalimu, mimi si mtu mbaya," mama yule akaniambia tulipotoka nje. "Huyu mtoto ni kama wangu. Lakini nitamwandika kazi vipi, na sijui kesho nitauza samaki wangapi?"

Msomaji mpendwa, hilo ni swali la haki, na linastahili jibu lililo bora kuliko lawama. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Kupelekewa chakula si jambo geni katika mji huu. Tangu reli ilipofika ufukweni mwishoni mwa mwaka 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence, pamekuwapo watu ambao kazi yao haiwaruhusu kwenda kula, na akina mama waliowafuata na masufuria huko huko kazini. Kilichobadilika ni chombo cha kubebea. Baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo katika mpaka wa Busia zilitupatia jina la boda boda. Mwaka 2008 serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa ziada ya thamani, baiskeli zikaanza kurudi nyuma na pikipiki zikajaa kila njia panda. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa tayari imeondoa tatizo la chenji mlangoni. Kisha likaja janga la korona. Machi 2020 mikahawa iliamriwa kuuza chakula cha kubeba tu, na Juni 2021 kaunti 13 za magharibi na za kando ya ziwa, Kisumu ikiwamo, zikawekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Mkahawa ambao haukuweza kumfikia mteja nyumbani kwake ulikaa na viti vitupu. Wengi walijifunza kupeleka chakula kwa lazima, bila ya kupata nafasi ya kufikiri namna njema ya kufanya hivyo.

Kuna wanaosema kwamba kufikiri huko tumekwisha kufanyiwa na kampuni zipokeazo maagizo kwa simu na kuyagawia waendeshaji zao. Sizikatai. Zimewafungulia wengi mlango. Hata hivyo, mwenye mkahawa na atambue mambo mawili. La kwanza ni kwamba kampuni za namna hii hukata sehemu nono ya bei, ambayo huweza kufika asilimia 30. La pili, lililo zito zaidi, ni kwamba mteja huwa wa kampuni. Mkahawa haujui jina lake wala nyumba yake, na siku kampuni ikiondoka huondoka naye. Haya si maneno ya kubuni. Mwishoni mwa mwaka 2023 Jumia iliifunga biashara yake ya kupeleka chakula katika Kenya na nchi nyingine kadhaa, na waliokuwa wameitegemea wakalazimika kutafuta mlango mwingine. Mtegemea cha nduguye, wahenga walinena, hufa maskini.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana swali la mama yule lilikuwa la hesabu. Tuseme agizo la kawaida ni shilingi 800. Asilimia 30 yake ni shilingi 240. Tuseme tena kwamba mkahawa unamwajiri mwendeshaji wake kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, unatumia 6,000 kwa petroli, 4,000 kwa bima na matengenezo, na unaweka akiba ya 4,000 kila mwezi ili pikipiki itakapochakaa inunuliwe nyingine. Jumla ni shilingi 34,000. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, kila siku inagharimu takriban shilingi 1,310. Kwa maagizo manne kwa siku, kila safari inakula shilingi 327, na hiyo ni hasara ukilinganisha na zile 240. Kwa maagizo sita imeshuka hadi 218. Kwa maagizo kumi ni 131 tu. Kwa hiyo swali si "nitauza samaki wangapi kesho?" bali "je, naweza kupata maagizo sita kila siku, mwezi mzima?" Hilo mtu aweza kulipima. Aandike katika daftari kwa wiki nne kila simu inayopigwa kuomba chakula, saa yake na mtaa ilikotoka, kabla ya kununua hata tairi moja.

Daftari hilo litamfundisha jambo jingine, nalo ni mipaka. Mkahawa wa katikati ya mji unaoahidi kupeleka chakula Milimani, Nyalenda, Mamboleo, Nyamasaria na Riat kwa wakati mmoja umejiahidia fedheha. Ni bora kuchagua mitaa miwili au mitatu iliyo upande mmoja, na saa mbili za mchana ambapo ofisi na maduka yana njaa, kisha kuitumikia vizuri. Mwendeshaji akitoka na maagizo matatu ya njia moja, gharama hupungua bila ya mtu yeyote kukimbizwa. Tena mji wetu hauna nambari za nyumba zinazoaminika. Huelekezwa kwa mwembe, kanisa na kibanda cha kinyozi. Mwendeshaji wa siku zote huyajua hayo kwa moyo, lakini wa kuokotwa kituoni huanza upya kila siku, huku simu zikimlia mfukoni.

Chakula chenyewe nacho kina tabia zake za safari. Ngege aliyekaangwa akifunikwa angali moto hutoka jasho, na ngozi iliyokuwa ikivunjika kwa ukaukau huwa kama karatasi iliyolowa. Huyo huachwa apumue kidogo, na chombo chake hutobolewa tundu. Samaki wa mchuzi husafiri vyema zaidi, kwa sharti mchuzi upate chombo chake wenyewe chenye kifuniko cha kukaza. Ugali hufungwa moto na kuwekwa mbali na mboga, kwani ugali uliopoa hauna mtetezi. Omena wakavu hawasumbui. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo gharama ya vyombo na iingizwe katika bei tangu mwanzo. Kwa ofisi zinazoagiza kila siku, hotipoti zinazorudishwa jioni zitakuwa rahisi kuliko vyombo vya kutupwa.

Utaratibu huo wa kurudisha vyombo nimeutaja kwa makusudi. Katika jiji la Mumbai, huko India, tangu mwaka 1890 wako watu waitwao dabbawala ambao huchukua chakula cha mchana kilichopikwa majumbani, wakakifikisha maofisini kwa treni na baiskeli, kisha wakarudisha vyombo vitupu siku hiyo hiyo. Hutambua kila chombo kwa alama zilizochorwa kwenye kifuniko. Sifa yao imeenea ulimwenguni, na msingi wake ni utaratibu: kila mmoja anajua njia yake, saa yake na mwenzake wa kupokezana. Marekani nako kuna funzo la upande wa pili. Kampuni ya Domino's ilijipatia umaarufu kwa ahadi ya kufikisha pitsa katika dakika 30, la sivyo mteja apate fidia. Desemba 1993, baada ya mahakama ya St. Louis kuamua kwamba mwanamke aliyegongwa na dereva wa kampuni hiyo alipwe zaidi ya dola milioni 70, ahadi ile iliachwa. Kampuni tajiri ilihitaji hukumu ya mahakama kutambua kwamba dakika zile zilikuwa zikilipiwa barabarani na watu ambao hawakuagiza chochote.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Anayeifanya njia kuwa yake hana budi kuichukua na dhamana yake. Mwendeshaji akiwa mfanyakazi, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amkatie bima. Akiwa mtu wa kuitwa kutoka kituoni, anguko lake huwa ni bahati yake mbaya. Haifai mkahawa uweke jina lake kwenye mkoba alioubeba mgongoni, ukafurahia tangazo hilo mji mzima, kisha siku ya kuanguka ukasema humjui.

Najua kutasemwa kwamba mkahawa mdogo, wenye meza tano, hauwezi gharama hizi. Ni kweli, na hesabu niliyoitoa inathibitisha hivyo. Lakini ni nani aliyesema kila mkahawa uwe na pikipiki yake? Mikahawa mitatu ya barabara moja, kila mmoja ukiwa na maagizo mawili au matatu kwa siku, inaweza kumwajiri mwendeshaji mmoja kwa mkataba ulioandikwa, ikagawana mshahara wake na bima yake. Mji huu umejengwa kwa vyama. Akina mama wakaangao mgongo wazi kule Obunga wanajua kuchangiana bila ya kufundishwa na mtaalamu. Linalotakiwa ni kukubali kwamba jirani anayeuza samaki kama wako si adui katika kila jambo.

Na sisi wateja je? Tunataka chakula kifike kikiwa moto, kifike upesi, na kifike bure. Mambo hayo matatu hayakai pamoja. Ada ya safari iandikwe wazi katika orodha ya bei, nasi tuilipe bila ya kunung'unika. Mvua ikinyesha, tungoje.

Mama yule alifanya hesabu yake. Daftari lilimwonyesha maagizo saba kwa siku, karibu yote ya mchana, na mengi ya Milimani na Tom Mboya. Alinunua pikipiki moja iliyotumika, akaacha kabisa kupeleka chakula usiku, na wakati wa mvua kubwa humwambia mteja kwa upole asubiri au aje mwenyewe. Kijana alipotupa magongo yake alimwandika kazi, kwanza kwa kupokea simu na kufunga vyakula, baadaye barabarani. Anachechemea bado. Gharama ya hospitali ilichangwa na wenzake wa kituoni, na mama, nami nikatoa fungu langu, ingawa nakiri kwamba fungu hilo halilingani na simu mbili nilizopiga usiku ule.

Wiki iliyopita niliagiza tena ngege. Alichukua dakika 50. Kijana alinikabidhi mkoba, akanitazama kwa wasiwasi kidogo, akasema, "Mzee, leo nimechelewa."

Nilimwambia hakuchelewa.