Kampene: kijana anajifunza pikipiki wapi?

Huku Kampene, vijana wengi hawajifunzi pikipiki kwa mwalimu. Wanajifunza kwa kuazima. Kaka ama rafiki anampa kijana mashini kipindi cha jioni, anamwonyesha ambreyaji, vitesi na freni, wanazunguka mara mbili tatu, na kesho yake huyo kijana amesha beba mteja nyuma. Mwenye pikipiki anangoja pesa yake ya siku. Nafasi ya kukosea bila kuumiza mtu haiko.

Sheria ya barabara ya Kongo, nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inadai ruhusa ya kuendesha. Lakini karatasi peke yake haimfundishi mtu kupita kwenye potopoto la Pangi.

Kuna nchi ambako familia zinafundishwa pamoja kuendesha zile mashini za magurudumu manne za njia mbaya: mtoto na mzazi wote uwanjani, kabla ya kutoka. Kwetu, mashini ya njia mbaya ni pikipiki ya kawaida. Ila wazo linafaa: mwili ujifunze kwanza, mahali ambako hakuna mtu wa kugonga. Uwanja wa mpira unatosha, pamoja na vijiti, mafuta kidogo na kaske.

Tuanze na freni. Vijana wengi wanaogopa freni ya mbele, na hofu yao ina sababu. Kwenye udongo mwekundu uliolowana, ukiibana kwa nguvu gurudumu la mbele linateleza, na umeshalala chini. Lakini kwenye balabala kavu ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu ukifunga freni uzito unakwenda mbele. Basi mkono unapaswa kujifunza kubana polepole, na mguu vilevile, mpaka kijana asikie mwenyewe gurudumu linaanza kukwama lini. Hilo halielezeki kwa mdomo.

Halafu kasi. Kwa kilometa 40 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 11 hivi kila sekunde. Mbuzi akitokea, na kijana akachukua sekunde 1 kabla ya kugusa freni, mita 11 zimeisha bure. Tena, ukiongeza kasi mara mbili, nafasi ya kusimama tangu freni ikamate inakuwa mara nne. Kijana akiambiwa hivyo atacheka. Chomekeni kijiti pale anapoanza kufunga freni, afanye kwa 20, kisha kwa 40, na kila mara apime kwa hatua zake. Atanyamaza.

Macho nayo yanafundishwa, ingawa wengi hawaamini. Pikipiki inafuata macho ya dereva. Kwenye daraja la miti, anayekodolea shimo anaingia shimoni. Anayeangalia ng'ambo anavuka. Na abiria ashuke kwanza, avuke kwa mguu. Kwenye mteremko, kitesi kidogo, na injini iachwe ishikilie. Ambreyaji isibanwe, maana hapo mashini inakimbia yenyewe.

Sasa familia. Hapa ndipo mazoea yetu yanaua. Mtoto anawekwa mbele, juu ya tangi, "ili papa amwone". Pikipiki ikigonga kitu, huyo mtoto anabanwa kati ya kifua cha baba na usukani. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio bado hajafika umri wa kupanda. Mama anayekaa upande mmoja anavuta uzito wote upande ule, na ncha ya kitenge inaweza kuingia kwenye mnyororo. Uwanjani, mama naye apande: miguu huku na huku, kitenge kimefungwa, amshike dereva kiunoni, ainame naye kwenye kona. Asiteremshe mguu chini kwa woga. Gunia likipanda juu nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Mzigo ukae chini.

Kuhusu kaske, Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba kaske nzuri, iliyovaliwa vizuri, inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6. Iliyovaliwa vizuri maana yake mkanda umefungwa. Kaske iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Mtu akianguka na kulalamika shingo, msimnyanyue kwa mikono na miguu na kumbana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine. Mlazeni kwenye ubao, kichwa kisitikisike. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi.

Wenye pikipiki nao wana sehemu yao. Wakague freni na tairi kabla ya kukabidhi mashini, wampe kijana kaske mbili, yake na ya mteja, na siku mbili za kwanza za uwanjani wasimdai pesa ya siku.