Vali ya hita ikidondosha maji, usiizibe
Kipupwe kinapoingia Machame na Marangu, hita za umeme huwashwa na malalamiko ni yaleyale: vali inadondosha. Wengine huiziba. Hatari! Maji yakipata moto huongezeka. Katika tangi la lita 50, kutoka nyuzi 20 hadi 60, ni zaidi ya nusu lita. Themostati ikikwama maji yakazidi kuchemka, presha itoke wapi? Tangi linaweza kupasuka.

Matone wakati maji yanapata moto ni kawaida. Yakitiririka kutwa nzima, muite fundi. Ukinunua vali mpya, usiangalie bei tu: soma namba ya bar, isizidi ile iliyoandikwa kwenye tangi. Mpira wa kutolea maji uelekee chini, mbali na watoto.