Kufundisha Namna Kiini cha Dharura Kinavyopewa Orodha ya Kumbukumbu Iliyotengwa

Walimu wengi wa somo la kompyuta, wafikapo kwenye sura inayohusu kuanguka kwa mfumo endeshi, huipita upesi. Huwaambia wanafunzi kuwa mashine imeganda, izimwe na kuwashwa tena, na kipindi huishia hapo. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sura hiyo yaweza kufundishwa vema hata katika shule zetu za Wilaya ya Rungwe, kwa kutumia ubao, kadi za manila, madawati kumi na sita na kompyuta moja tu. Tunaandika kwa ajili ya walimu wanafunzi watakaofundisha vijana ambao baadhi yao watakabidhiwa mitambo inayotunza maksi, mishahara au majalada ya wagonjwa. Mtambo wa namna hiyo ukianguka saa nane usiku na asubuhi pasiwe na ushahidi wowote wa chanzo chake, utaanguka tena kesho yake, na fundi atakuwa hana la kujibu.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kiini, ambacho mafundi hukiita kerneli, ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayotawala kumbukumbu, prosesa na vifaa vyote. Kumbukumbu hapa ni ile ya muda, inayopotea umeme ukikatika. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kosa la kwanza ambalo mwalimu atakutana nalo darasani. Tukuyu ni mahali penye mvua nyingi na radi nyingi, na mwanafunzi wa hapa amekwisha kuona kompyuta ikizimika ghafla mara nyingi. Kwa hiyo, asikiapo "mfumo umeanguka", hufikiri mara moja juu ya umeme. Hana budi kuelezwa kwamba umeme ukikatika kumbukumbu yote hufutika wala hapana kiini cha kuandika chochote. Mambo tunayoyaeleza hapa yanahusu hali nyingine: umeme upo, kumbukumbu imejaa kama ilivyokuwa, lakini kiini kimegundua ndani yake hitilafu ambayo hakiwezi kuendelea nayo.

Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona kiini hicho kisiandike chenyewe hali yake kwenye diski kabla ya kufa? Swali hili ni zuri, na mwalimu asilijibu haraka. Awaachie wanafunzi walijadili. Jibu ni kwamba kiini kilichoharibika hakiaminiki. Majedwali yake huenda yamevurugika, na programu inayoendesha diski huenda ndiyo iliyoleta ajali. Kikipewa kalamu, chaweza kuandika juu ya mafaili mazima.

Mfano unaofaa zaidi kwa wanafunzi wetu tunaupata barabarani. Kila mmoja wao anaijua barabara itokayo Uyole kupitia Isongole na Kiwira hadi Tukuyu, yenye miteremko na ukungu, ipitayo malori yaendayo mpaka wa Kasumulu. Ajali ikitokea, dereva aliyejeruhiwa hapewi kazi ya kupima. Huja askari wa usalama barabarani, naye hupima kabla magari hayajasogezwa. Askari huyo anahitaji kuambiwa mambo matatu: mahali pa kusimama pasipo na ushahidi, ushahidi umeenea kutoka wapi hadi wapi, na mahali asipokanyaga ovyo, kwa mfano ulipoangukia waya wa umeme. Mfano huu unachechemea mahali pamoja, na ni vizuri wanafunzi waambiwe: askari hufika kutoka kituoni baada ya ajali, lakini askari wa kompyuta alikuwa amelala papo hapo kando ya barabara tangu asubuhi.

Ndivyo ilivyo katika mfumo wa Linux. Utaratibu huo huitwa kdump, nao pamoja na kexec uliingizwa katika toleo la 2.6.13 mwaka 2005. Mashine inapowashwa, kiini cha kwanza huambiwa kwa agizo la crashkernel kitenge sehemu ya kumbukumbu ambayo hakitaitumia kabisa. Kisha, kingali kizima, kiini cha pili hupakiwa katika sehemu hiyo na kuachwa kimelala. Kiini cha kwanza kikianguka, prosesa huruka moja kwa moja hadi kwenye kiini cha pili bila kupitia ile programu ya kuwashia iliyo ndani ya mashine, kwa kuwa programu hiyo ingeweza kuvuruga kumbukumbu. Sehemu hutengwa mapema kwa sababu nyingine pia: baadhi ya vifaa huandika katika kumbukumbu vyenyewe bila kumwuliza prosesa, na huenda vikaendelea hivyo hata baada ya kiini kufa. Sehemu ambayo haikupata kukabidhiwa kifaa chochote ndiyo iliyo salama.

Sasa tunafika kwenye kiini hasa cha somo. Kiini cha pili kikiamka hakijui lolote. Katika uwashaji wa kawaida, kompyuta nyingi za mezani zenye prosesa za ukoo wa x86 humpa mgeni jedwali liitwalo E820, lenye kueleza ni anwani zipi zilizo kumbukumbu ya kutumika na zipi zimetengwa. Kwa kuwa safari hii programu ya kuwashia haikupitiwa, jedwali hilo sharti liandikwe upya na wale waliokipakia kiini cha pili. Kama wangeandika jedwali lilelile la mwanzo, kiini cha pili kingeiona kumbukumbu yote kuwa yake, nacho kingeanza kazi kwa kuukanyaga ushahidi. Wakiandika sehemu yake pekee, nayo haitoshi.

Hapa tunashauri kipindi kihamie kwenye madawati. Yapangwe madawati 16 katika mstari mmoja, yapewe alama 0 hadi 9 kisha a hadi f. Kila dawati ni baiti 268,435,456, yaani tarakimu ya kwanza ya anwani yenye tarakimu nane katika kizio cha kumi na sita. Madawati 0 hadi 7 yawe kumbukumbu ya mashine. Dawati la 6 lizungushiwe kamba: ndilo lililotengwa kwa kiini cha pili. Madawati ya 8 hadi d yaachwe matupu, na f vilevile. Juu ya dawati e liwekwe daftari linaloeleza kabati la darasa liko wapi na hufunguliwaje. Kabati ndiyo diski.

Mwanafunzi mmoja awe kiini cha kwanza, atembee akiandika hesabu kwenye karatasi za madawati 0 hadi 5 na 7. Mwingine aketi kwenye dawati la 6, amefunikwa macho. Kabla ya mchezo kuanza, amewekewa kadi tatu. Ya kwanza inasema: "Dawati lako ni la 6 tu." Ya pili inasema: "Hesabu za marehemu ziko 0 hadi 5, na 7." Ya tatu inasema: "Dawati e limetengwa, ni la vifaa." Mwalimu akipiga filimbi, wa kwanza aache kalamu ilipo, hata kama yu katikati ya tarakimu. Wa pili afunguliwe macho, asome kadi zake, anakili hesabu zote akiwa na karatasi za dawati lake pekee, kisha aziweke kabatini.

Mchezo urudiwe, safari hii kadi ya tatu ikifichwa. Wanafunzi wengi hutarajia kwamba hapatakuwa na tofauti, maana dawati e halina hesabu yoyote. Lakini kanuni ya mchezo ni hii: mwenye dawati la 6 haruhusiwi kuamini daftari lolote lililo mahali pasipotajwa katika kadi zake. Basi atalikuta daftari la e, atalikataa, na hatajua kabati lilipo. Ushahidi wote uko mbele ya macho yake, lakini hana pa kuuhifadhi. Tuwaachie wanafunzi wakae kidogo na jambo hilo kabla ya kuendelea.

Kanuni hiyo hatukuibuni kwa ajili ya mchezo. Vifaa vya basi ya PCI Express vina kurasa za mpangilio zenye baiti 4,096 kila kimoja, badala ya zile 256 za PCI ya zamani, na kurasa hizo husomwa kupitia eneo maalumu la anwani. Kiini cha Linux hulikubali eneo hilo pale tu kinapoona kwamba limeorodheshwa kuwa limetengwa. Katika njia moja ya kupakia kiini cha pili, ile ambayo kiini cha kwanza chenyewe hulitengeneza jedwali, maeneo yaliyotengwa hayakuwa yakipitishwa. Matokeo yake, katika mashine fulani baadhi ya vifaa vya PCI havikuonekana na kiini cha pili. Tatizo la pili lilizikumba mashine za AMD zenye uwezo wa kusimba kumbukumbu: maeneo yaliyotengwa hayakuwa yamesimbwa, lakini kiini cha pili, kwa kutokuyaona katika jedwali lake, kiliyasoma kana kwamba yamesimbwa, na hakikufanya kazi. Marekebisho ya kuyaongeza maeneo hayo katika jedwali la kiini cha pili yaliingizwa mwaka 2019, yaani miaka 14 baada ya kdump yenyewe. Twaona ni jambo la kuwatia moyo vijana kujua kwamba kadi ya tatu iliwapita hata mabingwa.

Kadi ya pili nayo ina umbo lake halisi: ni orodha fupi iliyowekwa mahali fulani katika kumbukumbu, na anwani yake hupelekwa kwa agizo la elfcorehdr. Kwa orodha hiyo kiini cha pili huonyesha kumbukumbu ya marehemu kama faili moja, /proc/vmcore. Prosesa za ARM zina njia nyingine ya kupeleka habari hizi, kupitia mti wa vifaa; mwalimu aitaje tu, asiikalie.

Baada ya mchezo, wanafunzi waletwe kwenye kompyuta na wasome faili /proc/iomem. Mwalimu aisome kwa mamlaka ya msimamizi. Asiye na mamlaka hayo huonyeshwa masifuri matupu, na darasa zima huduwaa. Watafute mstari wenye maneno Crash kernel, na mistari yenye neno Reserved. Tuseme mstari wa kwanza unasoma 60000000-6fffffff. Waulizwe ukubwa wake. Wengi watatoa na kupata 0fffffff, nao watakuwa wamepungukiwa na moja, kwa sababu anwani ya mwisho nayo imo. Warudishwe kwenye madawati: kutoka la 2 hadi la 5 ni madawati mangapi? Wakishahesabu manne hawatakosea tena.

Zoezi la nyumbani liwe hili. Basi ya PCI Express yaweza kuwa na njia 256, kila njia vifaa 32, kila kifaa kazi 8, na kila kazi kurasa ya baiti 4,096. Wazidishe, kisha waseme kwa nini tuliipa mpangilio huo dawati moja zima.

Kuhusu kuangusha mfumo kwa makusudi ili kuona nakala ikiandikwa, jambo hilo lawezekana kwa kupeleka herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger. Lifanyike ndani ya mashine ya kuigiza, kamwe lisifanyike kwenye kompyuta inayotunza kazi za shule. Kabla ya hapo mwanafunzi asome /sys/kernel/kexec_crash_loaded. Akikuta 1, kiini cha pili kimekwisha kupakiwa. Akikuta 0, asiguse kitu, maana kando ya barabara hakuna askari aliyelala.